Juu ya Fedha ya Ruzuku, na Namna ya Kuipokea

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja habari za ruzuku, yaani fedha ile wapewayo vikundi na mashirika yasiyotafuta faida, ili watu wa mahali wapate kazi na biashara yao ikue. Neno hili lasemwa sana mitaani mwetu Musoma, na huko Bunda na Butiama vivyo hivyo. Hatukulichagua kwa kuwa ni jepesi. Iko karatasi moja iliyokaa mezani petu siku tisa, nasi hatukuweza kuitia sahihi. Na katika kutafuta kwa nini mkono wetu ulikuwa mzito, ndipo tulipoona ya kuwa jambo hili lawapasa wengi, wala si sisi peke yetu.

Karatasi hiyo ilikuwa andiko la kina mama 24 wa Mukendo. Kazi yao ni kununua dagaa wabichi mwaloni, kuwaanika, na kuwauza sokoni na kwa wachuuzi wa safari. Waliomba ruzuku ya Sh. 5,000,000, na mfadhili alitaka barua ya mtu ajulikanaye mjini, ashuhudie ya kuwa awajua na ya kuwa ni waaminifu. Wakaja kwetu. Mwenyekiti wao alisema, "Baba Mchungaji, ni sahihi tu." Lakini sahihi moja tuliwahi kuitia zamani, nasi twajua iliwagharimu watu nini. Habari hiyo tutaieleza mbele.

Kwanza tulifahamu neno lenyewe. Ruzuku na riziki ni ndugu wa tumbo moja. Twasema Mungu humruzuku mtu, yaani humpa kinachomwezesha kuishi, wala hamdai tena. Basi ruzuku si mkopo, maana mkopo hurudi kwa mwenyewe. Walakini si sadaka pia, maana atoaye sadaka huiacha mkononi mwa mpokeaji akaenda zake, naye atoaye ruzuku hutaja masharti: fedha hii ni ya kazi fulani, kwa muda fulani, kisha nionyesheni hesabu. Kikundi kisichotimiza hayo hakikumdhuru mfadhili peke yake. Kimemfungia mlango jirani atakayebisha kesho.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa njia ya shule. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1927, Serikali ya Waingereza katika Tanganyika ilizipa shule za misioni ruzuku, lakini si kila shule. Iliyokuwa na walimu wenye vyeti, ikakubali kukaguliwa, ndiyo iliyosaidiwa. Ile ya kijijini yenye mwalimu asiye na cheti iliendelea kwa nguvu za wenyeji. Tena fedha ile ilikuja juu ya shule iliyokwisha kuwako. Hakuna aliyepewa ruzuku kwa wanafunzi aliokusudia kuwakusanya baadaye. Tulishike neno hili, maana tutalirudia.

Siku hizi milango ya fedha ni mingi, na watu huichanganya. Yafaa kuipambanua. Mlango wa kwanza ni halmashauri. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 2018, kila halmashauri yapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ndiyo 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hiyo haina riba, lakini ni mkopo. Tumewasikia watu wakiiita "fedha ya Serikali", kana kwamba ni mvua inyeshayo juu ya wote. Na kwa sababu ya mawazo hayo vikundi vingi nchini havikurudisha, na vingine vikaonekana kuwa ni majina matupu karatasini, hata mwaka 2023 Serikali ikaisimamisha mikopo hiyo. Ilirudishwa mwaka 2024 kwa kanuni mpya. Angalieni hasara yake: kwa muda ule wote kikundi kilicholipa vizuri kilikosa pamoja na kile kilichotoroka.

Mlango wa pili ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, uitwao TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000. Katika awamu zake mbili za kwanza watu wa vijiji walichagua kazi waitakayo, kama darasa au kisima au zahanati, nao walitoa sehemu yao kwa fedha au kwa mikono, wakibeba mawe na mchanga. Baadaye mfuko huo ukaelekea zaidi kwenye nyumba za maskini, na katika kazi yake imo ile iitwayo ruzuku ya uzalishaji, ambayo mtu hupewa baada ya kufundishwa na kueleza biashara aikusudiayo.

Mlango wa tatu ni mashirika yatoayo ruzuku kwa asasi. Hapa nchini iko Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2002, nayo imezipa fedha asasi nyingi za mikoani. Yako pia mashirika ya ng'ambo. Sisi wa Mara twalikumbuka shirika la Vi kutoka Sweden, lililoanza mkoani kwetu mwaka 1994 kwa kazi ya miti na mashamba, na ambalo halikugawa fedha mikononi, bali lilitoa mafunzo kwa wakulima waliojiunga katika vikundi. Anayetaka kubisha mlango huu wa tatu atakiwa kuwa na usajili: asasi kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, kwa sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Na kikundi cha kuweka na kukopa kupitia halmashauri yake, kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018. Mambo ya ofisi tuyaache hapo. Afisa maendeleo ya jamii wa kata huyajua kuliko sisi, na kumwuliza ni bure.

Sasa tuieleze habari tuliyoahidi. Miaka kadhaa iliyopita, tukiwa katika usharika mwingine wa mkoa huu, walitujia watu 15 wakasema wameunda kikundi. Kilikuwa na umri wa majuma matatu. Mfadhili alikuwa akitoa fedha kwa vikundi, nao walisikia. Waliandika ya kwamba watanunua mashine ya kusaga, na ya kuwa faida yake itasomesha watoto yatima. Tuliposoma neno hilo la yatima moyo wetu ukalainika, tukatia sahihi na muhuri. Hatukuomba kuona daftari lao, kwa sababu halikuwako. Hatukuhesabu ya kuwa mashine mbili zilikwisha kuwako pale pale, na ya tatu ingesaga mahindi yale yale ya watu wale wale.

Mfadhili alitaka wanachama watoe sehemu yao, jambo lililo haki kabisa. Mjane mmoja katika usharika wetu aliuza mbuzi wawili akatoa fedha yote, maana aliona sahihi ya mchungaji wake chini ya barua. Mashine ililetwa, tukaiombea, tukala pilau. Ilisaga miezi mitano. Mkanda ulipokatika hakukuwa na fedha ya mkanda, kwa kuwa kila jioni kilichopatikana kiligawanywa. Kisha mtu mmoja akachukua mota ili aitengeneze, wala haikurudi. Watu wakanuniana. Wawili wakahama usharika. Mjane yule hakutulaumu hata siku moja, nasi tungeona nafuu kama angetulaumu. Twalikiri jambo hili mbele ya wasomaji, maana kosa halikuwa la mfadhili peke yake, aliyetoa fedha asifike kuona, wala la wale 15 peke yao. Sisi tuliokuwa tukiwajua wote, tulinyamaza tusiulize.

Je, tuseme basi kwamba ruzuku ni mbaya? Hapana. Lakini wako watu waliolifikiri jambo hili kabla yetu, na yafaa tuwasikilize. Katika nchi ya Ujerumani, walikotoka wamisionari wengi waliofika kwetu, alikuwako mkuu wa vijiji aitwaye Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyezaliwa mwaka 1818. Katika majira ya baridi ya mwaka 1846 kuingia 1847 njaa ilikuwa kali. Huko Weyerbusch aliwakusanya wenye mali, wakatoa fedha, ukanunuliwa unga, ikajengwa tanuri, na maskini wakapata mkate. Mwaka 1849 huko Flammersfeld akaanzisha chama cha kuwasaidia wakulima kupata ng'ombe, wasinyonywe na wakopeshaji. Na mwaka 1854, huko Heddesdorf, akaanzisha chama cha hisani. Vyama vyote hivyo vilisimama juu ya ukarimu wa wenye nacho. Naye akaona, pole pole tena kwa kusitasita, ya kuwa ukarimu huchoka. Mwaka 1864 akakigeuza chama cha Heddesdorf: waliohitaji mkopo ndio wakawa wanachama, wakiweka wao, wakikopeshana wao, na wote wakidhaminiana. Chama cha namna hiyo ndicho kilichoenea duniani. Tangu tanuri la mkate hata siku hiyo ilikuwa miaka 18. Basi tusijione wajinga sana sisi tuliojifunza kwa mashine moja.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya. Ikizu ni nchi yetu, sasa katika wilaya ya Bunda, na huko ndiko alikozaliwa Paul Bomani mwaka 1925. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi haisemi kweli. Hawakuanza kwa kuomba fedha. Walianza kwa kutaka mizani iliyo chini ya macho yao wenyewe. Kutoka katika neno hilo dogo vyama vya msingi vikaongezeka, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, Bomani akiwa mkuu wake, likawa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya Waafrika katika bara hili. Tusifiche na upande wa pili. Chombo kilipokuwa kikubwa, hesabu zilikwenda mbali na macho ya mkulima, malalamiko yakawa yale yale yaliyokuwa juu ya wanunuzi wa kwanza, na katika miaka ya 1960 Serikali ikaingilia kati. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, kisha vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Mkulima aliyekuwa akijua uzito wa kila gunia lake hakujua tena fedha yake iko wapi, na hapo ndipo ulipoanza udhaifu, muda mrefu kabla ya sheria yo yote.

Naye Mwalimu Nyerere, ambaye kwao Butiama si mbali na hapa, alilisema wazi katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, ya kuwa fedha ni tunda la maendeleo wala si shina lake, na ya kuwa taifa litegemealo zawadi na mikopo ya nje laweza kupoteza uhuru wake. Watu hupenda kulitaja neno hilo juu ya mataifa. Sisi twaona kwamba lafaa zaidi kwa kikundi cha watu 24 kuliko kwa taifa, kwa kuwa taifa lina kodi, na kikundi hakina ila uaminifu wa watu wake.

Turudi basi kwa kina mama wa Mukendo. Tuliwaomba watuletee daftari lao. Walileta mawili, na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zake hukaa kwa watu watatu wa nyumba mbalimbali, nalo halifunguliwi ila katika mkutano, siku ya Alhamisi, wote wakitazama. Desturi hii twaijua kwa jina la VICOBA. Mfano wake ulitoka nchi ya Niger, ambako shirika la CARE lilianza mwaka 1991 pamoja na wanawake wa vijijini. Nao katika mpango ule wa kwanza hawakupewa fedha ya kuanzia, walianza kwa akiba yao tu. Hilo halikuwa bahili. Fedha uliyoikosa sukari ili kuiweka, utaifuatilia mpaka senti ya mwisho. Fedha iliyoshuka toka mbali husemwa ni ya wote, na kitu cha wote huliwa na mwenye mkono mrefu.

Kina mama hawa wana mwaka mmoja na miezi minne. Kila mtu huweka hisa ya Sh. 2,000 kwa juma. Tulipiga hesabu pamoja nao: watu 24 kwa Sh. 2,000 ni Sh. 48,000, kwa majuma 50 ni Sh. 2,400,000. Kumbe kwa miaka miwili na mwezi mmoja hivi wanaweka wenyewe kiasi kile kile wanachomwomba mgeni! Walipoliona hilo walitazamana wakacheka, maana hawakuwa wamelihesabu hivyo. Na ile Sh. 5,000,000 ikigawanywa, kila mmoja apata Sh. 208,333, ambayo mwezi wa Januari, pamoja na daftari na sare za watoto, haitaona jua la Februari.

Hapo tuliwauliza: fedha hii ikija, itafanya nini ambacho akiba yenu haiwezi? Andiko lilikuwa limesema "kuongeza mtaji". Neno hili twalikuta katika kila andiko, nasi twaliogopa kidogo, kwa sababu laweza kuficha kila kitu. Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, asiyekuwa kiongozi, akajibu. Alisema, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika. Basi katika siku za giza dagaa ni wengi, nao wote huanikwa kwa pamoja. Wao huwaanika juu ya mchanga. Mvua ikinyesha dagaa huoza, na hata jua likiwaka huingia mchanga, mnunuzi akatafuna, akatema, akasema hawa ni wa kuku. Wanaoanika juu ya vichanja, wavu ulioinuliwa kutoka ardhini, dagaa wao hukauka upesi tena ni safi, na bei yao ni bora. Akasema, "Mchungaji, si mtaji unaotushinda. Ni mchanga."

Twaungama ya kuwa maneno hayo ya mwisho yalikuwa bora kuliko kurasa zote saba za andiko, ambalo baadaye tulifahamu kwamba liliandikwa na kijana wa mjini kwa malipo, akitumia maneno ambayo hao kina mama hawakuyaelewa. Ndugu, jihadharini na waandishi hawa. Mfadhili asomaye kweli hutambua, na asiyesoma ni hatari zaidi, maana atawapa msichokihitaji.

Sisi tukafurahi, tukasema: basi ombeni vichanja na maturubai ya kufunikia mvua ikija, navyo vitakuwa mali ya kikundi, haviwezi kugawanywa jioni. Tulidhani tumemaliza kazi. Lakini mama yule yule akatikisa kichwa. Akauliza, vichanja vitasimama wapi? Ufuko si wao. Kwa sheria ya mazingira ya mwaka 2004 haifai kuweka shughuli ya kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, na mwaloni iko kamati ya wenyeji isimamiayo uvuvi, nayo ina neno lake. Wakijenga bila ruhusa, mgambo atakuja kuvunja, na mfadhili ataambiwa kwamba kina mama wameshindwa. Sisi tuliokuwa tukiwafundisha tulinyamaza. Hatukuwa tumelifikiri hilo hata kidogo.

Mashauri yao yalikuwa haya, nasi twayaandika kwa kuwa yaweza kuwafaa wengine wa pwani hizi, toka Musoma mpaka upande wa Bunda. Kwanza waende kwa mtendaji wa kata na kwa kamati ya mwalo kabla ya kupeleka andiko, wapate kwa maandishi mahali pa kuanikia palipo nje ya mpaka ule. Pili vichanja viwe vya kukunjwa na kubebwa, ili wakihamishwa wahame navyo. Tatu andiko liseme tangu mwanzo nani atashona wavu ukitoboka, na kwa fedha gani: watatoa Sh. 500 kwa kila ndoo ya dagaa iliyokaushwa juu ya kichanja, nayo itakaa katika mfuko wake, mbali na hisa. Hilo la tatu lilitugusa, maana mkanda mmoja wa mashine uliokosa fedha ndio ulioangusha kikundi kile cha zamani. Na kiasi cha ombi kikashuka. Walipojumlisha mbao, wavu, maturubai na mizani moja, hawakufika Sh. 5,000,000. Wengine walitaka kiasi kiachwe vile vile, "kwa kuwa mfadhili ameruhusu". Wakabishana kwa muda mrefu. Mwisho wakaandika kile walichokihesabu.

Yako mambo mawili yatupasayo sisi wa usharika, nasi hatutaki kuyapita. La kwanza, kina mama hao 24 si wote Walutheri. Wamo Waislamu, wamo Wasabato, wamo Wamenonaiti. Wako wazee wa kanisa waliotuuliza kwa nini mchungaji ashughulike na kikundi kisicho cha usharika. Twajibu: fedha hii yatolewa ili mji ukue, na mji ni wa wote, dagaa mmoja akianikwa vizuri hakuulizwa dini. Kikundi kikigeuzwa kuwa cha kanisa ili kipate barua ya kanisa, tumewafundisha watu uongo wa kwanza, na wa pili utakuja wenyewe.

La pili, mchungaji asiwe mwenyekiti wa kikundi, wala asishike ufunguo. Twajua ya kuwa wengi wetu twapenda uenyekiti. Lakini katika mkutano ambapo mchungaji ni mwenyekiti, ni nani atakayesimama kuuliza juu ya shilingi 6,000 zilizopungua? Paulo naye, alipokuwa na changizo kwa ajili ya watu wa Yerusalemu, hakutaka kulichukua peke yake. Alimtuma Tito, na ndugu wengine pamoja naye, mmoja akiwa amechaguliwa na makanisa yenyewe, ili mtu asipate la kulaumu. Someni habari hiyo katika Wakorintho wa pili, mlango wa 8. Kama mtume aliona haja ya mashahidi, sisi ni nani?

Na tumetaja shilingi 6,000 kwa kusudi. Tulipokuwa tukisoma daftari lao tuliona juma moja, mwezi wa Agosti, ambapo jumla haikulingana na fedha ya sandukuni kwa kiasi hicho hicho. Tulipouliza, mtunza fedha hakusita. Aligeuza ukurasa akatuonyesha: ziliazimwa usiku kumpeleka mtoto wa mwanachama hospitali, walikubaliana watatu wenye funguo, na zikarudishwa kwa mafungu matatu ya Sh. 2,000, kila fungu na tarehe yake, na alama ya kidole cha aliyelipa. Mfadhili angaliona ni dosari. Sisi, tuliowahi kutia sahihi kwa watu wasio na daftari, tulisoma ukurasa ule mara mbili.

Wasomaji watakaolizungumza somo hili katika vikundi vyao wanaweza kuulizana mambo haya. Kikundi chetu kilikuwa kikifanya nini kabla ya kusikia habari za ruzuku, na kitafanya nini tukinyimwa? Fedha ikija, itanunua kitu kisichogawanyika, au itaingia mifukoni? Nani ataulizwa siku chombo kitakapoharibika? Na je, yuko kati yetu mtu akaaye nyuma ajuaye kazi kuliko viongozi, ambaye hatujamwuliza?

Tulitia sahihi siku ya kumi. Katika barua yetu hatukuandika ya kuwa kina mama hao ni waaminifu, maana moyo wa mtu haujulikani kwa muhuri. Tuliandika ya kuwa tumeona daftari lao la mwaka mmoja na miezi minne, ya kuwa tumehesabu sanduku mbele yao, na kwamba mjumbe wa mfadhili akija tutakwenda naye mpaka mwaloni kwa miguu. Mama mmoja aliuliza kama barua namna hiyo haitawaharibia. Huenda ikawaharibia. Mpaka siku tunapoandika haya jibu halijafika. Mtendaji amewaonyesha kiwanja, nao wametengeneza kichanja kimoja cha kujaribia kwa fedha ya sanduku, mbao na wavu wa zamani, nacho kimekausha ndoo nne katika giza la mwezi huu.